Kwa nini gemu zinatufungia fani mbili tu? Mhunzi wetu kaenda baharini na ujuzi wote

#1 MshonajiWaTudor
Salaam ndugu zangu. Nina jambo limenikaa rohoni wiki ya tatu sasa, naomba mnisaidie kulifikiria.

Tuko saba, sote wa hapa Mombasa, tunacheza World of Warcraft Classic, gemu ya mtandaoni ya watu wengi kwa pamoja, kwenye seva ya Ulaya tangu ilipotoka Agosti 2019. Mhusika mmoja anaruhusiwa fani mbili za ufundi, basi. Tukagawana siku ya kwanza: mimi kushona na kutia vitu uchawi, mwengine dawa na mitishamba, mwengine kuchuna na kutengeneza ngozi, na mmoja wetu akawa mhunzi. Chochote cha uhunzi tulichookota kilikuwa chake. Tulipookota ramani ya kufulia Lionheart Helm, kofia ya chuma ya mpiganaji, tulikuwa na haja kubwa ya dhahabu, na mnadani ingetupa nyingi, lakini tulikubaliana aisome yeye. Ramani ukishaisoma inapotea. Ujuzi unabaki kwa mhusika yule peke yake.

Sasa mwenzetu kapata kazi ya meli. Tulimsindikiza mpaka geti la bandari, tukakumbatiana, tukamwombea safari njema. Na ile kofia ikaondoka naye. Mpiganaji wetu mpya ana mikuo ya chuma imejaa benki na hakuna wa kuifua. Nikisema nijifunze uhunzi mimi, lazima nitupe fani moja, na ukiitupa umeitupa kweli: ukiirudia kesho unaanza na 1, resipi zote zimekwenda.

Swali langu: mpaka huu unamfaa nini mchezaji? Nani angeumia kama ningeruhusiwa kujifunza na uhunzi?

#2 NahodhaLikoni
Mungu amlinde mwenzenu huko aliko. Marekebisho madogo: mbili ni zile kuu. Kupika, kuvua samaki na huduma ya kwanza hazihesabiwi, mtu anaweza kuwa nazo zote tatu juu ya zile mbili.

#3 KisauniWaSimu
Mimi nacheza Old School RuneScape tangu ilipofika kwenye simu Oktoba 2018, na kule mpaka hakuna. Uhunzi, mishale, upishi, vito, vyote mtu mmoja. Lakini msidhani ni mteremko. Leveli 99 inataka pointi 13,034,431, na ukifika 92 ndipo umefika nusu ya safari. Hakuna anayekukataza, muda ndio unaokukataza.

Na liko jambo jingine. Kwa kuwa kila mtu anatengeneza ili apande leveli, vitu vinafurika sokoni. Vitu vingi ukivitengeneza vinauzwa chini ya bei ya malighafi yake. Watu wamezoea, hasara ile wanaihesabu kama karo ya kusomea ufundi. Kwa hiyo #1, anayeumia ni fundi mwenyewe. Wote wakifua, kufua hakulipi.

#4 BintiMajengo
KisauniWaSimu, hayo hayaletwi na kukosa mpaka. Yanaletwa na gemu kukulipa pointi kwa kila unachotengeneza, kitakiwe kisitakiwe. Wangelipa pointi kwa kitu kilichopata mnunuzi tu, mafuriko yangekauka.

Mimi niko Final Fantasy XIV. Mhusika wangu mmoja ana fani zote nane za utengenezaji, kuanzia useremala mpaka upishi, na tatu za kukusanya: kuchimba, mimea na uvuvi. Kazi yangu ni ya zamu, wiki hii usiku, wiki ijayo mchana. Natoka kazini saa 12 asubuhi, marafiki zangu wote wa gemu wamelala. Ningekuwa kwenye gemu ya fani mbili ningemsubiri mtu wa viatu siku nne. Huku nachimba mwenyewe, nashona mwenyewe, navaa. Kikomo kinawafaa wenye saa za kawaida na marafiki wengi. Sisi wengine kinatuacha mlangoni.

#5 MzeeWaKibokoni
Mwanangu wa Tudor, pole. Nami nitasema nililoliona.

Niliingia kwenye Ultima Online nikiwa kazini Dubai. Gemu ile ilitoka 1997. Hapakuwa na fani mbili wala nane. Palikuwa na jumla: pointi 700 kwa mhusika, na kila ujuzi unaishia 100. Piga hesabu, ni ujuzi saba uliotimia. Ukitaka uhunzi 100 na uchimbaji 100, hizo zimetoka kwenye upanga wako au kwenye uganga wako. Mhunzi hodari alikuwa dhaifu njiani, na alikuwa anajua hivyo tangu mwanzo.

Humo gemuni, katika mji uitwao Britain, palikuwa na karakana ya wahunzi. Ukifika usiku unakuta watu wamejipanga, mhunzi kasimama kwenye fuawe, nyundo yalia. Unamkabidhi upanga wako mkononi akutengenezee. Ukishampa ni wake, akitaka anakimbia nao! Ndiyo maana tulikuwa tukiuliza kwanza: huyu ni nani, nani amjua? Mwaminifu alipata wateja mpaka akawachoka. Na mhunzi aliyetimiza 100 akitengeneza kitu bora, jina lake laandikwa juu ya kitu. Nilikuwa na shoka lenye jina la mtu ambaye sijapata kumuona uso, na nilimheshimu.

Babangu alikuwa seremala hapa Mji wa Kale. Yeye kazi yake kuunga milango. Nakshi alikuwa akimpelekea mtu mwengine kabisa, nyumba ya pili. Nilimuuliza kwa nini hachongi mwenyewe, akanambia, "Mkono wangu waweza, jicho langu haliwezi." Hakuna aliyemuwekea mpaka.

#6 DadaWaMikindani
Ami, kumbe nawe ni mtu wa mapanga! Miaka yote hii watusomesha mambo ya jahazi na pepo za kusi, shoka umelificha wapi? 😄

#7 MzeeWaKibokoni
Limebaki Dubai, mwanangu.

#8 MwalimuWaBamburi
Nimefurahi Mzee kaleta mambo ya jina. Mimi nilisoma Uingereza, na mwaka 2004 usiku mwingi nilikuwa Star Wars Galaxies. Gemu ile ilitoka Juni 2003. Pointi 250 za ujuzi, na kwenye seva moja akaunti yako ilikuwa na mhusika mmoja tu. Hapo mpaka ulikuwa mpaka kweli, huwezi kuukwepa kwa kufungua mwengine.

Nilikuwa mtengeneza silaha. Si kupigana, kutengeneza tu. Chuma chenyewe kilikuwa na tabia: kila aina ya madini inakuja na alama zake, za ubora, za upitishaji wa umeme, za ugumu, mpaka 1000. Aina ile inakaa ardhini siku kadhaa kisha inatoweka. Basi ukisikia chuma kizuri kimetokea sayari fulani, unaacha chakula mezani, unakwenda kupima ardhi, unasimamisha mashine za kuchimbia kabla hakijaisha. Nilikuwa na kreti za shaba ambayo haikupatikana tena, naitoa kidogo kidogo kwa wateja wa zamani tu. Nilijenga nyumba jangwani, nikaweka muuzaji ndani, watu wanakuja kwa pikipiki zao wamesikia jina. Mteja akiniambia bunduki yako ilinitoa salama, nalala vizuri.

Na zingatieni hili: kitu kilikuwa kinachakaa. Bunduki bora mwisho wake inakufa, mteja anarudi. Novemba 2005 wakageuza mfumo wote, fani zaidi ya 30 zikawa tisa. Wengi tuliondoka. Gemu ilifungwa tarehe 15 Desemba 2011. Niliingia siku za mwisho, nikaikuta nyumba imebaki tupu.

#9 NahodhaLikoni
Mwalimu, shukran. Lakini wewe mwenyewe umelitoa jibu bila kulitilia mkazo. Kilichokupa wateja ni KUCHAKAA, si zile pointi 250. Kwenye Classic ya MshonajiWaTudor, kofia ya chuma ukishavaa ni yako daima, ikigongwa unalipa senti muuzaji anaitengeneza. Mhunzi anauza kofia moja kwa kila mpiganaji, kisha hana kazi. Hata wangemwekea fani nusu, angekosa kazi.

Tazameni Albion Online. Nacheza kwa simu tangu Juni 2021. Hukatazwi kitu, ukitaka panda kila tawi la ufundi. Lakini mtu akiuawa kwenye maeneo ya hatari, mekundu na meusi, baadhi ya vitu vyake vinageuka takataka pale pale, vilivyosalia vinaporwa. Kila usiku watu wanafiwa na mavazi, kila asubuhi wananunua mengine. Mafundi hawalali.

#10 KisauniWaSimu
Nahodha, Albion mpaka upo, umefichwa. Ile fokasi, yaani pointi za kutengenezea vitu kwa malighafi chache, unapewa 10,000 kwa siku kama umelipia, na haizidi 30,000. Aliyebobea kwenye kitu kimoja anaitumia kidogo kwa kila kitu, anayeruka ruka inamwishia kabla ya adhuhuri. Huo ni mlango ulioegeshwa tu.

#11 NahodhaLikoni
Nakubali. Na ongezea miji: mbao utasafisha kwa faida Fort Sterling, nyuzi Lymhurst, mawe Bridgewatch, ngozi Martlock, madini Thetford. Mji nao unakuchagulia fani. Juzi nimepakia ng'ombe wa mizigo mawe mpaka hatembei, nikachukua njia ya mkato. Sitasimulia yaliyonipata, mawe yalikwenda.

#12 TajiriWaMakupa
Jamani mnalia nini? Classic ina fani kuu tisa. Wahusika watano mara mbili ni kumi. Seva moja inakubali wahusika 10. MshonajiWaTudor, fungua mhusika leo, mfanye mhunzi, kesho mpiganaji wako ana kofia. Usajili ni ule ule, huongezi hata shilingi.

#13 NahodhaLikoni
Kesho? Ngazi ya juu ya uhunzi huifikii kabla mhusika hajafika leveli 35. Na hata akifika, ramani ile ilishasomwa, lazima itafutwe nyengine. Mtu mwenye kazi na watoto unamwambia akaue nguruwe mwitu upya mwezi mzima?

#14 TajiriWaMakupa
Basi si kesho. Lakini hesabu yangu ni sahihi.

#15 BintiMajengo
Hesabu ni sahihi, na ndiyo inayonipa hoja. Kama mwenye muda anaweza kufungua watano akafunga fani zote, basi mpaka ule haumlazimishi yeye kumtegemea mtu. Unamlazimisha maskini wa muda tu. Mwalimu kasema vizuri: kule kwao mpaka ulifanya kazi kwa sababu mhusika alikuwa mmoja. Mpaka wenye mlango wa nyuma ni kodi.

#16 MwanaWaChaani
Mnasema kama vile gemu zote za zamani zilikuwa hivi. Final Fantasy XI ilikuwa fani moja tu, basi, na watu waliipenda.

#17 MwalimuWaBamburi
MwanaWaChaani, si hivyo. Kule ungeweza kupandisha fani zote mpaka 60. Kikomo kilianzia juu ya 60: una pointi 40 za kugawa kwa fani zote pamoja. Wengi walizimwaga zote kwenye moja ikafika 100, ndiyo ikaonekana kama fani ni moja. Mimi naona huo ulikuwa mpaka wa kistaarabu kuliko yote. Kila mtu anajipikia na kujishonea kwa mahitaji ya kawaida, ila kazi ya bingwa unamwendea bingwa. Ndivyo tunavyoishi hapa. Kifungo cha shati nashona mwenyewe, kanzu ya harusi naipeleka Biashara Street.

#18 MwanaWaChaani
Shukran Mwalimu, sikulijua hilo.

#19 MfanyabiasharaWaNyali
Nami niseme lisilopendeza. Mpaka ni biashara. Kule EVE Online, gemu ya meli za angani, unaruhusiwa kila ujuzi uliopo, ila ujuzi unasomwa kwa saa za dunia, iwe uko ndani au umezima kompyuta, na kwa kawaida akaunti moja inasomesha mhusika mmoja kwa wakati mmoja. Anayetaka wachimbaji, wajenzi na wabebaji kwa pamoja analipia akaunti ya pili na ya tatu. Naijua hiyo hesabu kwa sababu nimeilipa. Elder Scrolls Online nayo: kuchunguza sifa ya kwanza ya silaha ni saa 6, ya pili 12, inajizidisha mara mbili mpaka ya tisa ni siku 64. Siku 64 za nini kama si kukufanya usiache kurudi?

#20 MwalimuWaBamburi
Siku 64 hizo hazikutaki ukeshe, lakini. Unaanzisha, unazima, unakwenda kazini. BintiMajengo wa zamu na kijana asiye na shughuli wanafika siku moja. Kwangu hiyo ni haki zaidi kuliko kushindana kwa kukesha.

#21 MfanyabiasharaWaNyali
Haki kwa aliyeanza siku moja na wewe. Aliyechelewa miaka mitatu, kwa kusoma kwa saa peke yake, hatamfikia aliyetangulia kwenye EVE.

#22 NahodhaLikoni
Hapana, atamfikia kwenye kitu kimoja. Kila ujuzi una mwisho wake wa ngazi ya 5, na ramani ya meli ukiichunguza mwisho wa kupunguza malighafi ni asilimia 10, hata kwa mkongwe. Mgeni akichagua meli ndogo moja akaing'ang'ania, baada ya muda anajenga kwa gharama sawa na mkongwe. Ndiyo maana wageni kule wanaambiwa wabobee. Hakuna sheria, ni hesabu tu.

#23 DadaWaMikindani
Mimi nauliza jingine. Mko wangapi hapa mnaocheza saa za Ulaya? Raidi, lile shambulio la kundi zima, ya saa 2 usiku kwao ni saa 4 usiku kwetu, kiangazi chao saa 3. Ramadhani mimi nilikuwa naingia baada ya tarawehe nakuta wameshaanza, na daku nikiamka seva iko kimya, hakuna mtu wa kunitilia uchawi kwenye buti. Kisha stima ikipotea ndiyo imekwisha. Pengine fani mbili hazina kosa lolote. Tatizo ni kwamba mpaka ule ulipangwa na watu wenye majirani elfu waliolala na kuamka pamoja nao.

#24 KisauniWaSimu
Dada umesema kweli. Daku ndiyo saa yangu ya samaki, dunia nzima iko tulivu.

#25 MshonajiWaTudor
Nimesoma zote, mara mbili nyengine. Ahsanteni. Sijapata jibu moja lakini nimepata la kuwaza.

DadaWaMikindani kanigusa. Mzee kanigusa zaidi. Ngoja niwaambie nilivyokuwa nikifanya mimi. Kitambaa cha mooncloth kinatengenezwa penye kisima cha mwezi, vitambaa viwili vya felcloth vinatoa kimoja, kisha unasubiri siku nne ndipo utengeneze tena. Kila siku ya nne, jioni, nilikuwa naenda kisimani. Maji meupe, miti ya zambarau, hakuna mtu. Nasimama, nabonyeza, mikono ya mhusika inang'aa, kitambaa kinaingia mfukoni. Mara nyingi yule mhunzi alikuwa akija tu kunisindikiza, hana haja na kisima, anakaa chini pembeni tunaongea mambo ya nyumbani. Ningekuwa nina fani zote sijui kama angekuja. Wala sijui kama tusingeongea mahali pengine. Hapo ndipo ninapokwama.

#26 BintiMajengo
Angekuja. Alikuja kwa ajili yako, kaka, si kwa ajili ya kitambaa. Mimi nina fani nane na jana usiku nimekaa saa nzima kwenye benchi la mji na mtu tusiyeuziana chochote.

#27 NahodhaLikoni
Sina hakika, BintiMajengo. Mazoea huanza kwa haja.

#28 MwanaWaChaani
Kwenye World of Warcraft mpya je? Nasikia wamerekebisha.

#29 MfanyabiasharaWaNyali
Tangu toleo la Dragonflight, Novemba 2022. Fani kuu bado ni mbili, lakini ndani ya kila moja kuna matawi na pointi za maarifa zinazokuja kidogo kidogo kila wiki, kwa hiyo wahunzi wawili hawafanani. Na kuna oda: unaweka malighafi yako, unaiandika kwa jina la fundi, au kwa gildi (kikundi chenu cha wachezaji), au kwa yeyote. Fundi si lazima muonane. Ukiingia kesho kitu kinakusubiri kwenye sanduku la barua.

#30 DadaWaMikindani
Hilo la oda ndilo lingetufaa sisi wa saa hizi.

#31 MwalimuWaBamburi
Lingewafaa, na lingemwondoa yule mtu kwenye fuawe wa Mzee. Oda ya kwa yeyote haina haja ya kujua nani mwaminifu. Mashine inamlinda mteja, basi uaminifu unakosa bei.

#32 KisauniWaSimu
Lakini jina linabaki juu ya kitu, hata Classic. Tazama silaha ya kufuliwa, chini imeandikwa nani kaitengeneza.

#33 MshonajiWaTudor
Ni kweli. Mkanda wangu wa zamani una jina la fundi wa ngozi aliyeacha gemu 2021. Sijauuza.

#34 MgeniWaShimanzi
Samahani nimechelewa, huwa nasoma tu sichangii. MshonajiWaTudor, hukusema seva gani wala upande gani. Mimi ni mhunzi wa ujuzi 300, upande wa Alliance, seva ya Ulaya, na Lionheart ninayo. Kama tuko pamoja nitumie jina la mhusika kwa ujumbe wa siri.

#35 MshonajiWaTudor
Alliance! Nimekutumia sasa hivi.

#36 TajiriWaMakupa
Utamlipa bei gani? Malighafi ni yako, lakini bakhshishi ya fundi lazima ijulikane kabla.

#37 MgeniWaShimanzi
Bakhshishi sitaki kwa mtu wa nyumbani. Ila nina felcloth kumi na nne zimelala benki tangu mwaka jana, na mshonaji wangu aliacha. Utanitengenezea mooncloth saba, haraka sina.

#38 NahodhaLikoni
Saba, siku nne nne. Karibu mwezi mzima hiyo.

#39 MshonajiWaTudor
Nimekubali. Nimeangalia saa ya kisima, ya kwanza naweza leo hii hii. Leta mbili za kuanzia, na mpiganaji wetu naye aje na mikuo yake. Tuonane mji wa Ironforge kwenye fuawe kubwa, saa 4 na nusu usiku, stima ikiruhusu.